Wanawake hawa waliujenga muziki wa mitambo, mbona hatuwataji?

WAHENGA walinena kuwa mgala muue na haki yake umpe. Usemi huu ulinijia akilini majuzi nilipokuwa nimeketi katika ukumbi wa shule moja ya upili, nikisubiri wanafunzi wafanye mazoezi yao ya mwisho kabla ya tamasha za muziki. Vipaza sauti vilikuwa vimekataa katakata kufanya kazi. Msichana mmoja alijitokeza, akaanza kuchomoa na kuchomeka nyaya za mtambo wa kuchanganya sauti. Kabla hajafika mbali, mwalimu mmoja alimwambia kwa upole arudi kwa waimbaji wenzake, na mitambo awaachie wavulana. Msichana akarudi. Wavulana wakahangaika kwa muda usiopungua saa nzima, na hatimaye wimbo ukaimbwa bila kipaza sauti.

Sina nia ya kumshtaki mwalimu yule. Hakuwa na inda wala dharau. Alitamka tu linaloaminiwa na wengi wetu, kwamba mahali pa mwanamke katika muziki ni mbele ya kipaza sauti, bali nyuma yake ni ufalme wa wanaume. Hata historia yetu wenyewe tumeisoma kwa jicho hilo. Kila mwanafunzi wa fasihi anamfahamu Siti binti Saad, ambaye wasifu wake uliandikwa na Shaaban Robert, na walimu huwaeleza wanafunzi jinsi mwimbaji huyo wa Unguja alivyosafiri hadi Bombay mwaka 1928 kwenda kunasa sauti yake katika santuri. Tunamsifu kwa sauti yake, na anastahili. Lakini hatujiulizi ni nani aliyekuwa akiiendesha mashine iliyoinasa sauti hiyo, kwa sababu tunadhani jibu tunalijua.

Ukweli ni kwamba muziki wa kielektroniki, yaani ule unaotungwa kwa sauti zinazozalishwa au kugeuzwa na mitambo, ulijengwa kwa sehemu kubwa na wanawake waliosimama nyuma ya kipaza sauti. Nitataja wawili wa Uingereza, kwa kuwa habari zao zimeandikwa na kuhifadhiwa vyema, na kwa kuwa mwalimu wa fizikia, wa hisabati na wa muziki, kila mmoja ana la kuokota humo.

Wa kwanza ni Daphne Oram, aliyezaliwa mwaka 1925. Alikuwa amepata nafasi katika Chuo cha Kifalme cha Muziki jijini London, lakini mwaka 1943, vita vikiwa vimepamba moto, aliiacha nafasi hiyo akaenda kufanya kazi katika Shirika la Utangazaji la Uingereza, BBC. Miongoni mwa kazi zake ilikuwa kukaa tayari na santuri wakati tamasha zilipokuwa zikitangazwa moja kwa moja kutoka ukumbi wa Albert. Endapo mabomu ya Wajerumani yangewalazimisha wanamuziki kukatiza, Oram alipaswa kuiendeleza santuri ya muziki ule ule ili msikilizaji nyumbani asitambue kilichotokea. Binti wa chini ya miaka ishirini alikuwa amekabidhiwa jukumu la kuifanya mashine ichukue nafasi ya okestra nzima. Si ajabu, basi, kwamba alianza kujiuliza mashine hiyo ingeweza kufanya nini zaidi.

Mwaka 1949 aliandika utungo alioupa jina Still Point. Ulihitaji okestra mbili, vipaza sauti vitano, na santuri ambazo zingechezwa na kugeuzwa sauti papo hapo ukumbini. Wakubwa wa BBC waliukataa. Oram hakukata tamaa. Usiku, wafanyakazi wenzake wakishakwenda nyumbani, alikuwa akiviviringisha vinasa sauti kutoka chumba kimoja hadi kingine, akivikusanya pamoja, akifanya majaribio hadi alfajiri, kisha akivirejesha kila kimoja mahali pake kabla kazi za asubuhi hazijaanza. Walimu wanaolalamika kuwa shule zao hazina vifaa (nami ni mmoja wao) na wautazame mfano huo kwa makini.

Mwaka 1957 alitunga muziki wa mchezo wa televisheni uitwao Amphitryon 38, muziki wa kwanza katika historia ya BBC uliotokana na mitambo pekee. Mwaka uliofuata, 1958, shirika lilikubali kufungua karakana ya sauti katika studio za Maida Vale, London. Ndiyo iliyokuja kujulikana kama Radiophonic Workshop. Oram, pamoja na Desmond Briscoe, ndiye aliyeianzisha. Lakini kisima alichokichimba hakukaa kukinywea maji. Shirika lilitaka milio ya kupamba michezo ya redio. Yeye alitaka muziki. Mapema mwaka 1959 alijiuzulu, akahamia katika nyumba ya mashambani huko Kent iliyokuwa zamani jengo la kukaushia mimea ya kutengenezea pombe, akajenga studio yake mwenyewe.

Huko ndiko alikobuni chombo ambacho hadi leo hunishangaza kila nikifikiriacho. Alikiita Oramics. Mtunzi huchora mistari, vitone na mawimbi juu ya kanda kumi za filamu ya milimita 35. Filamu hizo hupita mbele ya mwanga, na seli zinazohisi mwanga huusoma mchoro na kuugeuza kuwa umeme, nao umeme ukawa sauti. Mstari mmoja hutawala ukubwa wa sauti, mwingine kimo chake, mwingine mtetemo wake, na umbo la wimbi lenyewe huchorwa juu ya kigae cha kioo. Kwa maneno mengine, mtu huchora sauti asiyopata kuisikia, kisha huisikia. Leo kila kijana mwenye tarakilishi huchora mawimbi ya sauti kwenye kioo cha mashine yake na kudhani wazo hilo limezaliwa juzi. Oram alilifanyia kazi tangu miaka ya sitini, kwa waya, vipande vya chuma na mbao, akisaidiwa mwaka 1962 na ruzuku ya pauni 3,550 kutoka wakfu wa Gulbenkian.

Wa pili ni Delia Derbyshire, na habari zake zinawahusu zaidi walimu. Alizaliwa Coventry mwaka 1937. Novemba 1940, akiwa mtoto wa miaka mitatu, mji wake ulishambuliwa kwa mabomu, na baadaye maishani alisema kuwa ving'ora vya hatari alivyovisikia utotoni ndivyo vilivyompa mapenzi ya sauti zisizo za ala yoyote. Mtoto wa fundi wa bati, alifanikiwa kujiunga na Chuo cha Girton, Cambridge, akasoma hisabati na muziki, akahitimu mwaka 1959. Alipokwenda kuomba kazi katika kampuni ya santuri ya Decca aliambiwa kwamba kampuni hiyo haiajiri wanawake katika studio zake. Aliambiwa hivyo waziwazi, wala hakufichwa kwa tafsida. Aliingia BBC mwaka 1960, na mwaka 1962 akahamia ile karakana ambayo Oram alikuwa ameiacha.

Mwaka 1963 Ron Grainer, mtunzi mzaliwa wa Australia, aliombwa kutunga wimbo wa kufungulia mchezo mpya wa televisheni, Doctor Who, unaohusu msafiri wa wakati. Grainer aliandika noti zake kwenye karatasi, pamoja na maelekezo machache, akaondoka. Derbyshire, akisaidiwa na Dick Mills, ndiye aliyeachiwa kazi ya kuzigeuza noti hizo kuwa sauti.

Hebu tuingie katika karakana yenyewe, maana hapa ndipo penye somo. Wakati huo hapakuwa na kinanda cha umeme cha kubonyeza na kupata sauti utakayo. Palikuwa na mitambo ya maabara ya kutoa mtetemo mmoja mmoja, na palikuwa na utepe wa sumaku, wembe na gundi. Kwa sauti nzito ya chini, Derbyshire alinasa mlio wa uzi mmoja tu uliokwanyuliwa. Utepe huo ukiendeshwa kwa kasi maradufu, mlio hupanda kwa oktavu nzima. Ukiendeshwa kwa nusu ya kasi, hushuka kwa oktavu nzima. Baina ya oktavu kuna hatua kumi na mbili, na kila hatua ni kuzidisha kasi kwa takriban 1.06. Mwanafunzi anayedai kwamba logi hazina kazi nje ya chumba cha mtihani angemtazama dada huyu akinakili mlio ule ule tena na tena, kila mara kwa kasi nyingine iliyokokotolewa, hadi apate noti zote alizozihitaji.

Kisha kuna urefu wa noti. Iwapo utepe unakimbia inchi 15 kwa sekunde, noti ya nusu sekunde ni kipande cha inchi saba na nusu, na noti ya robo sekunde ni inchi tatu na robo tatu. Derbyshire na Mills walipima kila kipande kwa rula, wakakikata kwa wembe, wakakiunganisha na kinachofuata. Mlio wa juu ulitoka kwenye mitambo ya mtetemo, na ule mvumo kama upepo ulitoka kwenye kelele tupu iliyochujwa. Hatimaye walipata tepe kadhaa, kila moja ikiwa na sehemu yake ya muziki, ambazo zilipaswa kuanzishwa kwa pamoja kwenye mashine mbalimbali. Safari moja noti haikuangukia mahali pake. Ilibidi tepe zikunjuliwe na kulazwa sakafuni kwenye ujia mrefu wa jengo, wakatembea kando yake wakilinganisha viungo, hadi walipokipata kipande kilichokosewa.

Inasimuliwa kuwa Grainer aliposikia matokeo hakuamini kuwa ni utungo wake, akauliza kama kweli yeye ndiye aliyeuandika. Mwungwana huyo (na haki yake nayo tumpe) alitaka Derbyshire atajwe kuwa mtunzi mwenza na agawiwe mrabaha. BBC haikuruhusu. Wafanyakazi wa karakana walikuwa hawatajwi majina. Iliyotajwa ni karakana. Mchezo ulitangazwa mara ya kwanza tarehe 23 Novemba 1963, majuma matatu kabla ya bendera yetu kupandishwa. Jina la Derbyshire halikuandikwa kwenye kioo cha televisheni kama mshiriki wa wimbo huo hadi mwaka 2013, mchezo ulipotimiza miaka hamsini. Yeye mwenyewe alikuwa amefariki dunia Julai 2001. Baada ya kifo chake kulipatikana tepe 267 darini kwake, zimetiwa ndani ya maboksi ya nafaka za kiamshakinywa. Sasa zimehifadhiwa Manchester.

Yamkini msomaji mwenye kupenda haki atanisuta hapa. Atasema kwamba Dick Mills naye hakutajwa, na Mills ni mwanamume. Kwa hivyo lililomnyima Derbyshire jina ni urasimu wala si jinsia yake. Hoja hiyo ina uzito, na sitaipuuza. Ni kweli kwamba kanuni ya kutotaja majina iliwagusa wote. Hata hivyo, kanuni moja ikiwaangukia watu wawili, haiwaumizi sawa. Mwanamume asiyetajwa hudhaniwa kuwa yupo. Mwanamke asiyetajwa hudhaniwa kuwa hakuwapo. Mtu akiisikia kazi ya mitambo isiyo na jina, akilini humwona fundi mwanamume amevaa koti jeupe. Ndiyo sababu ya msichana wetu kurudishwa kwa waimbaji.

Kuna na wanaosema kwamba huu si muziki bali ni makelele. Sitajifanya kwamba kila utungo wa aina hii hunipendeza. Nyingine hunichosha kabla ya dakika ya tatu, na sioni aibu kukiri. Lakini namwomba msomaji asikilize utungo mmoja wa Derbyshire wa mwaka 1967, Blue Veils and Golden Sands, alioutengeneza kwa ajili ya filamu kuhusu Watuaregi wa Sahara. Ndani yake mna mlio wa kifuniko cha taa cha chuma alichokuwa akipenda kukigonga. Alinasa mlio huo, akaukata mgongo ule wa kwanza, akabakisha mwangwi wake, kisha akaujenga upya mtetemo baada ya mtetemo. Kinachosikika ni joto linalocheza juu ya mchanga na ngamia wanaokuja polepole kutoka mbali. Anayeyaita hayo makelele atuambie basi ngoma ni nini.

Wala Afrika haikuwa mgeni wa mwisho katika karamu hii. Wataalamu aghalabu huanza historia ya muziki unaotungwa kwa sauti zilizonaswa na Pierre Schaeffer wa Paris, mwaka 1948. Miaka minne kabla yake, mwaka 1944, kijana wa Kimisri Halim El-Dabh aliazima kinasa sauti cha waya kutoka kwa kituo cha redio jijini Cairo, akaenda kunasa sherehe ya zaar. Zaar ni ngoma ya kupunga pepo, na wenye ngoma hiyo ni akina mama. Wasomaji wa pwani hawahitaji kuelezwa zaidi. Aliporudi studioni alizigeuza sauti zile, akapunguza hiki na kukuza kile, akaongeza mwangwi, mpaka nyimbo za akina mama zikawa kitu kipya kabisa. Leo El-Dabh anatambuliwa, tena kwa haki, kuwa mmoja wa waasisi wa muziki wa kielektroniki duniani. Lakini akina mama ambao sauti zao ndizo zilizokuwa malighafi ya kazi hiyo hatuwajui hata mmoja kwa jina. Walikuwa mbele ya kipaza sauti, wala hawakujua kilichokuwa nyuma yake.

Kinyume chake ndicho anachokifanya Mkenya Nyokabi Kariũki. Mwaka 2022 alitoa albamu fupi, peace places: kenyan memories, iliyofumwa kwa sauti alizozinasa katika mazingira ya nyumbani Kenya, pamoja na kuimba kwake mwenyewe, mwaka 2023 akaifuatisha FEELING BODY, inayosimulia maradhi yaliyomganda mwilini muda mrefu baada ya kuambukizwa Uviko. Ndiye anayeimba, ndiye anayenasa, ndiye anayekata na kuunga. Najiuliza ni walimu wangapi wa muziki humu nchini wamewahi kulitaja jina lake darasani.

Nasema haya mwaka huu kwa makusudi. Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi waliingia Gredi ya 10, wakatakiwa kuchagua mojawapo ya njia tatu: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati; sayansi za jamii; au sanaa na sayansi ya michezo. Fizikia imewekwa njia moja, muziki njia nyingine. Hisabati nayo, baada ya malalamiko ya umma mwaka 2025, itasomwa na wote, lakini kwa sura mbili, moja nzito ya wanasayansi na nyingine nyepesi ya waliobaki. Sina ugomvi na mtaala wenyewe; kila mpango una mipaka yake. Nauliza tu: Delia Derbyshire angekuwa binti wa miaka kumi na mitano hapa kwetu leo, tungempeleka njia ipi? Tungemwambia aache muziki ili ahesabu, au aache kuhesabu ili aimbe? Najua vyema tungemjibu nini, kwa maana nimeyasikia majibu hayo katika vyumba vya walimu.

Mwalimu mkuu akipenda, pana dawa isiyogharimu chochote. Mwalimu wa fizikia na mwenzake wa muziki waombe saa moja ya pamoja kila juma. Waazime nyatiti, ala ambayo kwa mila ilikuwa ya wanaume, na wakwanyue uzi mmoja tu. Waunase mlio huo kwa tarakilishi ya shule, kwa programu ya bure, waugeuze kasi maradufu na nusu, wapime kimo chake kwa idadi ya mitetemo, kisha wakate vipande kwa sekunde na kuvipanga upya hadi vitoe wimbo. Kazi iliyowachukua Derbyshire na Mills majuma itawachukua wanafunzi alasiri moja. Na yule msichana aliyekuwa akichomoa nyaya siku ile ukumbini aketishwe kwenye kiti cha mbele ya mashine, kwa kuwa nilimwona: waya aliokuwa ameushika ndio uliokuwa mbovu.